Jumapili za Kisima

Mpango wangu wa maisha niliuandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bati, lile nililorudi nalo kutoka Kitale, kwa ile kalamu nene inayoandika hata juu ya chuma. Ulikuwa na hatua saba. Kumaliza sekondari. Kupata mfadhili. Shahada ya fizikia. Shahada ya pili. Ya tatu, ng'ambo. Miaka michache ya kufanya utafiti chini ya watu wengine. Kisha kurudi Juba kufungua maabara. Kando ya kila hatua niliandika umri nitakaokuwa nao, na kwa hesabu yangu maabara ingefunguliwa nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja ilikuja ikapita, nikaipungia mkono. Sanduku bado ninalo. Kifuniko kimeshika kutu kwenye hatua ya sita, na mimi niko hapo hapo kwenye kutu. Silalamiki, nguvu za kulalamika zenyewe sina. Nataka kueleza hatua ya pili tu, kwa sababu ndiyo iliyonichosha kuliko zote na uchovu wake sijaumaliza mpaka leo.

Watu huniuliza fizikia niliipendea nini. Nikiwa kidato cha pili huko Kenya, tulikokuwa wakimbizi, mwalimu alinipa kalipa nishike, kile kifaa cha chuma cha kupimia unene wa vitu vidogo, nikapima msumari. Milimita nne nukta tatu. Nikarudia, nne nukta tatu. Nikampa mwenzangu naye akapata nne nukta tatu. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichowahi kuwa na jibu moja. Kila kitu kilikuwa karibu. Amani iko karibu. Kurudi ni karibu. Baba yenu atapatikana karibuni. Nilikuwa nimeshachoka na hiyo karibu kabla sijatimiza miaka kumi na tano, na hapa nimeshika chuma baridi kinachosema nukta tatu, basi, hakuna maneno mengine. Nikajiambia, mimi nitakaa na watu wa nukta.

Amani ikaja kweli, ikatiwa sahihi, na baada ya muda mama akafunga vitu tukarudi. Baba hakupatikana. Juba tuliyoikuta ilikuwa vumbi na majenereta. Mama alipata meza soko la Custom, akauza sabuni na chumvi katikati ya akina mama wa Uganda, na tukajenga nyumba ya udongo upande wa Bilpam, kwenye vijumba vilivyoizunguka kambi ya jeshi. Miaka ile mwenye Kiingereza na Kiswahili alikuwa lulu. Wasichana niliorudi nao walikwenda Thongpiny, kule kwenye mashirika na hoteli karibu na uwanja wa ndege, wakaajiriwa kabla hata ya kumaliza shule. Mmoja alikaa mapokezi, mwingine alitafsiri, wa tatu alishika funguo za stoo tu. Walirudi na viatu vipya, mimi nilirudi na daftari. Ndugu za mama walikuja, wakakaa kwenye kiti chetu kimoja kizuri, wakaniuliza hiyo fizikia inaliwa. Mama hakunitetea, wala hakuwaunga mkono. Alisema tu, "Khalas, basi, mwacheni," kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala.

Shule yangu haikuwa na maabara. Ilikuwa na mwalimu. Alitoka Uganda, mtu mwembamba, mpole, aliyekuja Juba kutafuta riziki kama walivyokuja madereva na wauza nyanya, na alikuwa na daftari moja kubwa alimonakili majaribio yote ya mitihani ya zamani pamoja na majibu yake. Somo la vitendo lilikuwa hivi. Anasimama mbele, anafungua daftari, anasema, "Mmefunga jiwe kwenye uzi. Mmeliacha libembee. Muda wa kwanza, sekunde kumi na nne nukta mbili." Sisi tunaandika. Uzi hakuna, jiwe hakuna. Kisha tunachora grafu, na ole wako nukta yako itoke nje. "Mstari ukikataa kunyooka," alizoea kusema, "mwenye makosa si mstari." Simlaumu. Mtihani ulitaka mstari, na yeye hakuwa na hata saa ya kuhesabia sekunde. Huko Kenya pia, tena tukiwa na vifaa, tulikuwa tunapika. Ndivyo tulivyoita: namba imekaa vibaya, unaipika kidogo ilainike, unapata alama zako. Mimi nilikuwa hodari. Grafu zangu zilinyooka mpaka mwalimu akazibandika ukutani.

Kwa hiyo alipokuja mama mmoja injinia kutafuta mwanafunzi, mwalimu alimpeleka moja kwa moja kwenye ule ukuta, kisha akaninyooshea kidole. Injinia alikuwa Mkenya, mtu wa makamo, kofia pana na buti, na kazi yake ilikuwa kuchunguza visima vya Juba hushuka kiasi gani kiangazi. Mji ulikuwa unajaa watu kila wiki, na hakuna aliyejua kama maji yaliyo chini yatawatosha. Alitaka mtu wa kupima kisima cha kwetu. Tulimwita Madam. Aliniuliza ninataka kuwa nani, nikamjibu mtafiti wa fizikia, na hakucheka. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kutocheka.

"Maji ya chini ya ardhi ni fizikia tupu," akasema. "Shinikizo, mwendo na muda. Nipimie kila siku saa sita mchana mpaka mvua irudi. Ukinipimia vizuri, nitakuandikia barua."

Barua hiyo nilikuwa nikiitafuta mwaka mzima. Nairobi kulikuwa na mfuko wa kusomesha wasichana sayansi hadi chuo kikuu. Alama nilikuwa nazo, fomu nilikuwa nayo, imekunjwa chini ya sanduku, lakini walitaka barua ya mwanasayansi aliyekuona kwa macho yake ukifanya kazi. Juba ile ningempata wapi? Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu, buti zimejaa vumbi. Bila barua hakuna mfuko, na bila mfuko mimi ningeishia mapokezi Thongpiny kama wengine.

Kupima kwenyewe si kugumu. Kando ya pampu ya mkono kulikuwa na bomba jembamba lililoshuka mpaka kwenye maji, lina kifuniko na kufuli. Unachukua utepe wa chuma, unapaka chaki mita ya mwisho, unaushusha mpaka alama uliyoonyeshwa, unauvuta juu. Palipoloa ndipo maji yalipo. Namba ikiwa kubwa, maji yako mbali. Namba ikipungua, maji yamepanda. Unarudia mara tatu, unaandika kwa penseli, na jioni unanakili kwa kalamu kwenye daftari la Madam. Ugumu ulikuwa saa sita. Kiangazi cha Juba, saa sita mchana hata mbwa hagombanii mfupa. Kufuli linaunguza vidole. Wanawake wamepanga madumu tangu alfajiri, wamechoka, wanakuona unachezea bomba wanadhani unawachelewesha. "Ya bit, ewe binti, umevua samaki?" aliniuliza mmoja wao, na aliniuliza hivyo hivyo kila siku kiangazi kizima, akicheka kila mara kana kwamba ni mpya. Nilimuuliza Madam kwa nini tusipime asubuhi kukiwa na baridi. Akasema anataka kukiona kisima kikiwa kimelemewa, baada ya pampu kuvutwa nusu siku.

Wiki ya kwanza maji yalishuka kwa adabu. Mita kumi na moja na sentimita ishirini. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na tano. Niliweka nukta zangu kwenye karatasi ya grafu nikaona mstari unaanza kujitokeza, nikafurahi. Kisha ikaja Jumapili.

Jumapili nyumbani kwetu ilikuwa vita. Ibada ilianza saa tatu ikaisha saa saba, na saa sita ilikuwa katikati ya mahubiri. Mama alikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa, wale wa vitambaa vyeupe kichwani, na kando yake kulikuwa na nafasi yangu ambayo kila mtu aliijua. "Mungu amekutoa ukimbizini akakurudisha kwenu," akaniambia, "na wewe unampa kisogo kwa ajili ya bomba?" Nikamwambia kwamba Madam alisema nipime kila siku. Mama akafunga kitambaa chake, akaenda peke yake, na mimi nikachukua utepe wangu.

Kisimani hapakuwa na mtu. Nikashusha, nikavuta, nikasoma mita kumi na sentimita themanini. Maji yalikuwa yamepanda karibu nusu mita. Nikafuta, nikapaka chaki upya. Themanini. Mara ya tatu, themanini. Nikakaa chini juani. Labda nimekosea alama, labda utepe umejikunja huko chini, sijui. Kilichonijia kichwani ni sauti ya mwalimu. Nikaangalia mstari wangu wa siku sita, nikaangalia hiyo nukta iliyoruka kama mtoto mtundu, na nikaiona barua inaniponyoka, kwamba Madam atasema huyu hajui hata kusoma utepe. Nikatoa kifutio. Nikaandika mita kumi na moja na ishirini na tisa, pale ambapo mstari ungepita. Jumatatu namba ikarudi kwenye njia yake yenyewe, nikashusha pumzi.

Jumapili ya pili ikawa vile vile. Ya tatu vile vile. Ya nne nilifika mapema, nikakaa juu ya dumu nikisubiri saa, na ndipo nikasikia. Nyimbo za makanisa zilikuja kwa mbali, kanisa hili na lile, na pampu, ile pampu iliyolia siku sita tangu alfajiri mpaka jioni, ilikuwa kimya. Watu wote wako kwenye ibada. Hakuna anayevuta, kisima kinapumzika, maji yanapanda. Basi. Mtoto wa darasa la tatu angesema. Lakini nilisimama kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimegundua kitu mimi mwenyewe, kwa macho yangu, si kwenye daftari la mtu. Kisha nikafungua la kwangu, nikaona Jumapili tatu zilizonyooka kwa wino wa buluu. Nikiandika ya nne ilivyo, zile tatu zitasema mimi ni nani. Nikaipika na ya nne. Sitaki kujisafisha hapa. Tatu za kwanza nilikuwa mjinga tu. Kuanzia ya nne nilijua, na niliendelea kujua mpaka ya kumi na tatu.

Nilichoka sana wiki zile. Shule ilifunguliwa, nikawa naomba ruhusa wakati wa mapumziko, nakimbia kisimani, narudi darasani nimelowa jasho, jioni nakwenda Custom kumsaidia mama kufunga meza. Lakini huo ulikuwa uchovu wa miguu, unalala unaisha. Wa Jumapili ulikuwa mwingine. Kugombana na mama, kukosa kanisa, kuungua jua, kupima mara tatu kwa uangalifu wote, kupata namba ya kweli, halafu kuifuta. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyebeba maji akayamwaga mlangoni.

Baada ya Jumapili ya kumi na tatu Madam aliniita ofisini kwake Thongpiny. Ilikuwa kontena lenye kiyoyozi, na nakumbuka nilitetemeka kwa baridi nikadhani ni woga, au nilitetemeka kwa woga nikadhani ni baridi. Alikuwa ametandika grafu tatu mezani, za visima vitatu, kila kimoja na mpimaji wake. Mbili zilikuwa na vilima, kila baada ya siku sita kilima, vimesimama kama vigingi vya uzio. Yangu ilinyooka kama rula.

"Watu wa Bilpam hawasali?" akaniuliza.

Akavua miwani, akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwema aliyechoka. "Usiogope. Jumapili ulikuwa kanisani, si ndiyo? Ukaona aibu kuacha pengo, ukajaza. Wengi hujaza. Niambie tu, nizifute hizo niache nafasi wazi. Siku nyingine zako ni safi, nimezilinganisha. Barua utapata."

Alikuwa amenipa mlango, tena ameufungua mwenyewe. Kilichobaki ni kupita.

"Ndiyo, Madam," nikasema. "Nilikuwa kanisani."

Akazikata Jumapili zangu kwa kalamu nyekundu moja moja, bila hasira, akaniambia barua ataniletea Jumamosi akija Custom kununua vitu. Nilirudi kwa miguu. Njia nzima nilijiambia kwamba yamekwisha, na hatua ya pili imepita.

Jumamosi soko lilikuwa limefurika, bodaboda zinapigiana honi, na mama alikuwa akikata miche ya sabuni vipande. Kazi hiyo aliifanya kwa jicho, hapimi, na vipande hutoka sawa. Akigundua kipande cha mteja kimepungua humwita arudi, hata kama ameshafika mbali. Jirani yetu wa meza, mama mmoja wa Uganda, ndiye aliyetushtua. "Mama, mgeni yako iko hapa," akasema, na Madam alikuwa amesimama na bahasha mkononi. Akamsalimia mama kwa heshima zote, akashika mkono wake wenye sabuni.

"Mama, umelea," akasema. "Binti yako ni mchapakazi. Jumapili tu ndizo alizonikosesha, na hizo nimemsamehe, maana ameniambia hakosi kanisa pamoja nawe."

Kisu cha mama kilisimama. Alinitazama, na mimi nikatazama chumvi. Miezi mitatu nafasi yangu kando yake ilikuwa tupu. Wenzake wa vitambaa vyeupe walimuuliza binti yuko wapi, naye akawajibu kwa aibu kwamba ana kazi. Nilingoja aseme kweli. Mama yangu hakuwa mtu wa uongo, na kama kulikuwa na jambo aliloumia nalo mwaka ule ni hilo hilo.

"Ndiyo, Madam," mama akasema. "Hakosi." Akarudi kukata sabuni.

Madam akanipa bahasha. Niliishika. Ilikuwa na jina langu juu yake, limepigwa kwa mashine, na nilihisi karatasi ndani, nzito, ya kizungu. Ningenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Uongo wangu nilikuwa nimeshauzoea, nimelala nao miezi. Huu wa mama ulikuwa na dakika moja tu na sikuweza kuubeba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeona nyingi.

"Madam, si kweli," nikasema. "Kanisani sikwenda hata mara moja. Jumapili zote nilikuwa kisimani."

Madam akakaa juu ya gunia la chumvi bila kuambiwa karibu. "Ulipima?"

"Nilipima."

"Ukaona yamepanda?"

"Niliona."

"Na sababu uliijua?"

"Kuanzia ya nne niliijua. Pampu ilikuwa kimya."

Mtu mmoja akapita, akauliza bei ya sabuni na hakuna aliyemjibu. "Aliyekuwa kanisani ningemsamehe bila kufikiri," Madam akasema. "Yeye hakuona. Wewe uliona." Akanyoosha mkono, nikamrudishia bahasha, akaitia kwenye mkoba. Sikulia. Nilikuwa nimechoka kupita kulia. Alipoinuka akageuka, akasema kwa sauti ya kazi tu, "Kiangazi kimebakisha kama Jumapili nne. Niletee hizo nne, zilivyo. Halafu tutaona."

Hakuniahidi zaidi ya hapo. Aliagana na mama, lakini safari hii hakumshika mkono, na mama aliliona hilo kabla yangu.

Nilidhani mama atanisifu. Nilikuwa nimesema kweli mbele ya watu, si ndivyo anavyohubiri kila siku? Alifunga meza mapema, akabeba kapu lake mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Tulipofika nyumbani ndipo akasema.

"Umeniacha uchi sokoni."

"Mama, mimi ndiye niliyedanganya."

"Wewe umedanganya, umetubu, umemaliza, Madam amekupa Jumapili nne. Mimi nimedanganya kwa ajili yako, mara moja tu tangu nikuzae, na hukunipa hata nafasi ya kumeza mate. Sasa yule mama akipita Custom ataona nini? Ataona mwongo anauza sabuni." Akavua kitambaa chake. "Njia ya mwongo ni fupi, hiyo naijua. Sikujua kama atakayeikata ni mwanangu."

Nimefundishwa na maprofesa maadili ya utafiti, kozi nzima, na hakuna aliyewahi kunieleza ya kufanya hapo.

Jumapili ya kwanza kati ya zile nne maji yalipanda, nikaandika yamepanda. Ya pili nikaandika. Ya tatu pia. Mama alikwenda kanisani bila kuniambia lolote, si vita, si amani. Nyumba ilikuwa na ukimya wa watu wawili wanaopishana mlangoni. Kwenye karatasi yangu vilima vilikuwa vimeanza kusimama, na nikajua kwamba Madam anataka kuviona vinne.

Jumapili ya nne nilisikia pampu kabla sijafika. Mzee mmoja alikuwa amefariki usiku, nyumba ya tatu kutoka kisimani, na wanawake walikuwa wakivuta maji tangu alfajiri kwa ajili ya kupikia waombolezaji. Foleni ya madumu ilifika barabarani. Nikashusha utepe. Mita kumi na mbili na sentimita tisa. Nikarudia mara tatu, tisa, tisa, tisa. Kilima hakuna. Jumapili niliyoihitaji kuliko zote ilikuwa imelala chini pamoja na siku za wiki, na namba ambayo Madam angeiamini, namba nzuri ya Jumapili, nilikuwa naijua bila kupima. Nitasema ukweli, nilishika penseli muda mrefu.

Mmoja wa wanawake kwenye pampu alikuwa mama. Hakwenda kanisani, alikuja msibani, kanga imefungwa kiunoni, mikono imeloa. Alinitazama vile nilivyokaa na daftari.

"Yamepanda?" akaniuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu siku hiyo.

"Hayakupanda."

"Si Jumapili?"

"Ni Jumapili. Lakini nyinyi mnavuta."

Akalitazama bomba, akaitazama pampu, nikaona ameelewa, haraka kuliko nilivyoelewa mimi. "Basi andika hayakupanda," akasema, na akarudi kushika mpini.

Niliandika hivyo, na kando nikaandika kwamba kuna msiba. Madam akalisoma daftari, akalifunga. Baadaye nilisikia kwa yule mwanamke wa mzaha wa samaki kwamba alikuja mwenyewe Bilpam, akauliza nani alifariki na lini. Mvua ya kwanza ikanyesha wiki hiyo. Siku chache baadaye dereva wake akaniletea bahasha sokoni, nyingine, nyembamba kuliko ile ya kwanza, haijafungwa.

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Nilimsomea mama pale mezani, nikigeuza kwa lugha ya nyumbani sentensi moja moja. Ilisema nilipima kisima kwa siku mia moja na zaidi. Ilisema Jumapili kumi na tatu nilibadilisha vipimo kwa makusudi, na kwamba mwandishi alidhani ni mapengo tu, mpaka nilipomwambia mimi. Ilisema Jumapili ya mwisho nilileta namba asiyoitarajia, akaenda kuihakiki, akaikuta ni ya kweli. Ilisema angeniajiri. Barua ya kuombea ufadhili, na katikati imeandikwa kwamba mimi nilipika. Niliwaona watu wa Nairobi wakifika kwenye mstari huo na kuiweka pembeni. Nikamwambia mama labda nisiipeleke. Labda ningoje mwaka mwingine, nimtafute mtu mwingine.

Mama alikuwa akikata mche. Alimaliza kipande, akakiweka juu ya wenzake, akakisukuma kwa kidole mpaka kikalingana.

"Na mimi," akasema, bila kuinua macho, "ameniandika?"

Nikaisoma tena yote, polepole, mpaka kwenye sahihi.

"Hapana, mama. Hajakuandika."

"Basi ipeleke," akasema, na akavuta mche mwingine.